Epoksi inayotoa joto: jinsi ya kuandaa unga wa alumina uliopakwa silani

Ukifungua dreva (kisanduku kinachoilisha taa umeme) ya taa ya barabarani iliyokufa, mara nyingi unakutana na hali moja kati ya mbili. Ama boksi liko tupu, bodi imekaa hewani na kapasita zimevimba vichwa. Ama limejazwa epoksi ngumu nyeusi, ambayo aliyeimimina alitaka kuzuia maji. Maji ameyazuia kweli. Ila joto nalo amelifungia ndani. Epoksi tupu hupitisha joto kwa 0.2 W/mK tu (W/mK ni kipimo cha upitishaji wa joto), wakati alumina, ambayo ni kauri, hupitisha 30 hivi, na aluminiamu ya hitisinki, kile chuma cha kupozea, hupita 200.

Na joto ndilo linaloua. Kwa kapasita za elektroliti tunakadiria kwamba kila unapolipunguza joto lake kwa digrii 10, umri wake unakaribia kuongezeka maradufu. Hapa Dar es Salaam, mwezi wa Februari, boksi la chuma lililopigwa na jua mchana kutwa juu ya nguzo huanza kazi ya jioni likiwa tayari lina moto. Kila digrii unayoitoa ina maana.

Mwongozo huu ni wa fundi anayetaka kujaza boksi la dreva, chaja au kontrola ya pampu ya sola kwa mchanganyiko wa epoksi na unga wa alumina unaozuia maji na umeme lakini unaoruhusu joto litoke. Vifaa vyake vinapatikana, na kazi yenyewe inachukua siku mbili, sehemu kubwa ikiwa ni kusubiri.

Hesabu kabla ya kununua unga

Nimeona mafundi wakiagiza aluminiamu naitraidi kwa bei ya kuumiza kwa sababu wamesoma kwamba inapitisha joto 170 dhidi ya 30 ya alumina. Piga hesabu kwanza. Kanuni ambayo mwanafizikia James Clerk Maxwell aliichapisha mwaka 1873 kwa ajili ya umeme hufaa pia kwa joto, pale ambapo punje za unga zimezungukwa na plastiki bila kugusana. Ukijaza nusu ya ujazo kwa alumina, kanuni hiyo inakupa 0.78. Ukijaza nusu hiyohiyo kwa aluminiamu naitraidi, unapata 0.80. Joto likitoka punje moja kwenda nyingine lazima livuke plastiki, na hapo ndipo linapokwama, kama magari yanayotoka kwenye lami nzuri na kukuta foleni ya pantoni. Kuipanua barabara hakuongezi kasi ya pantoni.

Kinachosaidia ni kuufupisha mvuko wenyewe, yaani kuweka unga mwingi hadi punje zikaribiane na kuanza kugusana. Zikishagusana, hali inakuwa nzuri kuliko Maxwell anavyosema, na hapo unga wa bei huanza kuonyesha tofauti. Lakini ni lazima ufike huko kwanza.

Wengi huteleza kwenye uzito. Sentimita moja ya ujazo ya alumina ina gramu 3.95, ya epoksi ina 1.15 hivi. Mchanganyiko wenye alumina asilimia 60 kwa uzito unaonekana umejaa pomoni, kumbe kwa ujazo ni asilimia 30 tu, na Maxwell anakupa 0.45. Ili kufika nusu kwa ujazo unahitaji zaidi ya asilimia 77 kwa uzito. Unga usiopakwa kitu unagoma kabla hujafika hapo: mchanganyiko unageuka udongo wa mfinyanzi, haumiminiki, na unabaki umejaa mapovu. Hewa ya ndani ya mapovu hayo hupitisha 0.026, mbaya kuliko plastiki yenyewe.

Silani inafanya nini

Uso wa alumina unapenda maji. Hewani kila punje imevaa hidroksili (vikundi vya oksijeni na hidrojeni) na unyevu kidogo, na resini, yaani epoksi ikiwa bado majimaji, haipatani vizuri na uso wa namna hiyo. Punje hushikana zenyewe kwa zenyewe, zinafanya madonge, na ndani ya donge kuna hewa.

Silani ni molekuli yenye ncha mbili. Ncha ya kwanza, ikishakutana na maji, hushika zile hidroksili za uso wa alumina, na ukiipasha joto maji hutoka na kubaki kifungo cha kemikali. Ncha ya pili ina kikundi kinachoungana na epoksi wakati inakauka. Ni mshenga anayeelewana na nyumba zote mbili.

Faida zake ni mbili na hazilingani. Iliyo kubwa ni kwamba unga unalowana haraka, mchanganyiko unalegea, na wewe unapata nafasi ya kuongeza unga. Iliyo ndogo ni kwamba mpaka wenyewe kati ya punje na plastiki unapitisha joto vizuri zaidi. Ukinzani huo wa mpakani huitwa kwa jina la Pyotr Kapitza, Mrusi aliyeueleza mwaka 1941 akichunguza heliamu ya kimiminika. Kwa punje za maikroni 40 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ukinzani huo si mzigo mkubwa. Kwa punje zilizo chini sana ya maikroni 1, ambazo kila gramu yake ina mipaka isiyohesabika, unaweza kula faida yote. Ndiyo maana sishauri unga wa nano kwa kazi hii, hata muuzaji ausifie vipi.

Vitu vya kuwa navyo

Nunua alumina ya saizi mbili, maikroni 40 hivi na maikroni 5 hivi. Fundi wa zege hahitaji kuelezwa sababu: kokoto peke yake zinaacha mianya, mchanga ndio unaoijaza. Punje za duara za saizi moja zikimwagwa hovyo hazipiti asilimia 64 ya ujazo. Ukichanganya saizi mbili unapita. Mimi hutumia sehemu 7 za kubwa kwa sehemu 3 za ndogo. Ukipata unga wa punje za duara, chukua huo hata kama bei imepanda kidogo, maana humiminika kirahisi kuliko wenye kona.

Silani ya kuchukua ni ile yenye kikundi cha epoksi, ambayo wauzaji wa China huiita KH-560, au yenye amini, KH-550. Zote mbili zinaelewana na epoksi. KH-570 ni ya poliesta na akriliki, kwa hiyo soma chupa vizuri. Utahitaji pia ethanoli ya maabara ya asilimia 95 (spiriti ya rangi ya kuwashia jiko haifai), asidi ya asetiki, karatasi za kupimia pH, mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, oveni ambayo haitapikiwa chakula tena, na pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa. Pampu ya mafundi wa friji inatosha kabisa, ukiiunganisha na chombo kizito chenye kifuniko kinachoonyesha ndani.

Vaa barakoa ya FFP2 kila unapogusa unga mkavu, na glovu za naitraili kila unapogusa epoksi. Hadina yake (kimiminika cha pili kinachoigandisha resini) huleta mzio wa ngozi, na ngozi ikishaanza kuikataa epoksi haisahau.

Unga wa grafiti au wa aluminiamu usiutie humu kabisa, hata kama unapitisha joto vizuri. Unapitisha na umeme.

Hatua ya kwanza: kausha unga

Kilo moja ya alumina, gramu 700 za kubwa na 300 za ndogo, itandaze kwenye trei na uiweke kwenye oveni ya digrii 120 kwa saa 2. Iache ipoe ndani ya chombo kilichofunikwa. Usipandishe joto kwa mamia ya digrii ukidhani unaongeza usafi. Zile hidroksili unazihitaji, ndizo silani inazoshika.

Hatua ya pili: pima silani na uiamshe

Gramu moja ya KH-560 inaweza kufunika takriban mita za mraba 330. Karatasi ya maelezo ya unga huandika eneo la uso kwa kila gramu. Tuseme unga mkubwa una mita za mraba 0.2 kwa gramu na mdogo 1.2. Gramu 700 mara 0.2 ni 140. Gramu 300 mara 1.2 ni 360, jumla 500. Gawanya kwa 330, unapata gramu 1.5. Mimi huweka mara mbili ya hapo, gramu 3, kwa sababu si silani yote inayofika kwenye punje. Kama karatasi ya unga haisemi eneo la uso, anza na gramu 5 kwa kilo.

Usizidishe. Silani nyingi haiimarishi kifungo. Inajishika yenyewe kwa yenyewe na kufanya tabaka nene juu ya punje, ambalo kwa joto ni plastiki nyingine tu, yaani umeongeza pantoni ya pili.

Mimina mililita 700 za ethanoli kwenye chombo cha kioo au plastiki. Ile ya asilimia 95 tayari ina maji ya kutosha kuiamsha silani. Tia asidi ya asetiki tone kwa tone hadi karatasi isome kati ya 4.5 na 5.5, kisha weka silani polepole huku unakoroga. Iache dakika 45. Ukitumia KH-550 ruka asidi, maana amini yake inaifanya kazi hiyo yenyewe.

Hatua ya tatu: lowanisha unga

Fanya kazi hii nje. Ethanoli hutoa mvuke unaoshika moto kuanzia digrii 17 hivi, na pwani ni nadra hewa kushuka chini ya hapo. Pasiwe na jiko, sigara, wala drili ya brashi inayotoa cheche.

Mimina unga kidogo kidogo ndani ya ethanoli yenye silani. Koroga dakika 5, pumzika kidogo, koroga tena, hivyo hivyo kwa saa nzima, kila mara ukikwangua chini kwa sababu alumina hutua upesi na kushikamana na kitako cha chombo. Kisha funika, acha usiku kucha. Asubuhi unga utakuwa umetua chini, juu imebaki ethanoli safi. Imwage kwenye chupa ya taka, si kwenye mfereji. Suuza mara moja kwa mililita 200 za ethanoli mpya ili kuondoa silani isiyoshika.

Hatua ya nne: funga kifungo kwa joto

Tandaza unga kivulini penye upepo mpaka usinuke spiriti hata ukiusogelea. Hapa hakuna haraka. Unga wenye ethanoli ukiingizwa kwenye oveni unaweza kulipuka. Ukishakauka, upashe digrii 110 kwa saa moja na nusu. Huu ndio wakati silani inapojifunga kwenye alumina; ukiruka, umefanya kazi bure, kwa sababu resini itaiosha.

Ponda madonge kwenye kinu kidogo na uchekeche kwa chujio la nguo laini.

Sasa jaribu kabla ya kuendelea, kwa njia ambayo nadhani kila mtu angeifanya hata kama angeacha mengine yote. Chukua gramu 10 za unga uliopakwa na gramu 3 za resini bila hadina, changanya kwenye kifuniko cha chupa. Fanya vilevile kwa unga usiopakwa. Weka kijiko cha kila mmoja juu ya kipande cha kioo, kimoja kando ya kingine, kisha inua kioo upande mmoja. Ule usiopakwa utabaki umesimama, una mikunjo ya kijiko, hauna mng'ao, kama sima iliyokaa. Ule uliopakwa unang'aa, unatandaa taratibu, na mikunjo ya kijiko inapotea wakati unautazama. Ukiona michanganyiko yote miwili imesimama, silani haikushika: angalia pH, angalia kama silani yako haikuzeeka kwenye chupa iliyofunguliwa siku nyingi. Usijaribu kwa kutia unga kwenye maji. Hasa KH-550 haifanyi unga ukatae maji, kwa hiyo jaribio hilo litakudanganya.

Hatua ya tano: changanya na resini

Kwa kilo moja ya unga uliopakwa, ili ufike nusu kwa ujazo, unahitaji gramu 290 za resini na hadina kwa pamoja. Kama epoksi yako ni 100 kwa 30, hiyo ni resini 223 na hadina 67. Hadina hupimwa kwa kulinganisha na resini peke yake. Nimewahi kumwona mwenzangu akiipima kwa kulinganisha na mchanganyiko wote pamoja na unga, na ile kitu haikukauka vizuri hadi leo.

Pasha resini digrii 50 ili ilegee. Tia unga kwa mafungu matatu, kila fungu likolee kabla ya lingine. Weka chini ya vakyumu. Mchanganyiko utavimba na kupanda mara tatu au nne, kwa hiyo chombo kiwe kirefu. Utavimba, utapasuka, utashuka, kisha utatulia. Acha upoe, tia hadina, koroga polepole bila kuingiza hewa, rudisha kwenye vakyumu dakika chache tu.

Hapa nieleze kosa langu la kwanza. Nilikuwa na unga wa saizi kubwa pekee, nikauweka mchache, mchanganyiko ukawa mwepesi na unapendeza kumimina. Ulikauka, dreva ikafanya kazi, na bado ikawa inachemka. Nilipoipasua kwa msumeno wa chuma niliona mstari kama wa maziwa na chai: chini peupe, kila punje imetua, juu kuna tabaka la rangi ya asali la epoksi tupu. Na transista zilikuwa juu, ndani ya asali. Tangu siku hiyo hupasua kipande cha majaribio kila ninapobadilisha unga au resini. Dawa ya kutua ni unga mwingi wenye saizi mbili, na kuharakisha kukauka kwa joto la wastani kama lebo ya epoksi inaruhusu. Msumeno wenyewe utaisha meno. Alumina ina ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs, na almasi ni 10.

Hatua ya sita: mimina

Ondoa umeme na utoe chaji kwenye kapasita kubwa. Safisha bodi, ipashe digrii 60 ili iondoe unyevu na isiushtue mchanganyiko. Mimina kutoka kona moja tu na uache mchanganyiko utembee wenyewe chini ya vipande, ukisukuma hewa mbele yake. Vichwa vya kapasita za elektroliti viachie nafasi, maana pale juu ndipo zinapopumulia zikiharibika.

Epoksi ngumu hubana vitu inapopoa. Alumina inasaidia, kwa sababu inatanuka kidogo sana ikilinganishwa na epoksi, lakini bado transfoma zenye feraiti na dayodi za kioo zinaweza kupasuka. Kwa bodi zenye vitu hivyo mimi hutumia silikoni laini badala ya epoksi, pamoja na silani inayoendana na silikoni.

Pima, usikisie

Mimina bamba la milimita 40 kwa 40, unene milimita 3. Liweke kati ya vipande viwili vya aluminiamu vya saizi hiyohiyo, grisi ya hitisinki kidogo kila upande. Cha chini kikae juu ya hitisinki kubwa. Cha juu kibebe rezista unayoilisha wati 5. Toboa tundu dogo ubavuni mwa kila kipande cha aluminiamu uchomeke themokapo (waya wa kupimia joto), kisha funika juu na pembeni kwa sponji nene. Subiri hadi namba ziache kutembea. Kwa vipimo hivi gawanya 9.4 kwa tofauti ya digrii kati ya juu na chini, jibu ni W/mK. Epoksi tupu itakupa tofauti ya digrii 47. Mchanganyiko mzuri wa nusu kwa nusu utaishusha hadi 9 au chini ya hapo, yaani unafika 1 na kupita. Maabara zenye mashine za kiwango cha ASTM D5470 hutumia wazo hilihili.

Tengeneza mabamba matatu: epoksi tupu, yenye unga usiopakwa, na yenye unga uliopakwa. Ukiweka unga kiasi kilekile kwenye haya mawili ya mwisho, tofauti yao haitakuwa kubwa sana, na usikate tamaa. Ongeza unga kwenye lile la uliopakwa hadi mchanganyiko wake uwe mzito sawa na wa mwenzake. Hapo ndipo utaona silani imekulipa.

Kwa plastiki nyingine

Wanaotengeneza kwa mashine za sindano, yaani zinazosukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu, kwa nailoni au polipropilini, wana shida ya ziada: alumina inasaga skrubu ya mashine. Boroni naitraidi ni laini na hupitisha joto vizuri sana, lakini punje zake ni vibamba, na zikilala upande mmoja joto linapita kwa ubapa tu. Pia uso wake una hidroksili chache, kwenye kingo peke yake, hivyo silani haishiki kama kwenye alumina. Aluminiamu naitraidi nayo usiioshe kwa njia niliyoeleza hapo juu. Ikikutana na maji inaoza taratibu na kutoa amonia. Utaijua kwa harufu ya mkojo itakayopanda kutoka kwenye chombo.

Unga uliobaki ufungie kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, na uandike juu yake aina ya silani na tarehe. Uliopakwa na usiopakwa vyote ni vyeupe pepepe, huwezi kuvitofautisha kwa macho.